Nilivyoajiriwa Kuwa Mama Mzembe

Siku ya kuniaga, vijana wa kitengo chetu cha filamu walininunulia saa ya ukutani, ili sasa nisipokuwa na mahali pa kuwahi nijue vizuri ni saa ngapi. Binti mmoja mwigizaji, mwenye kipaji na haraka nyingi, akasimama akaniuliza mbele ya watu: mtu afanye nini ili adumu katika kazi hii? Nikamjibu kwamba nitaandika. Wakapiga makofi, maana walidhani hotuba imeisha.

Basi naandika, hapa nyumbani Soweto, Mbeya. Vyeo sitavieleza. Nilivyopewa vilikuwa na majina marefu na kiti kile kile. Nitaeleza mwanzo tu, kwa kuwa mengi niliyoyajua kuhusu uigizaji niliyajua mwanzoni, na miaka iliyofuata niliitumia kwenye semina.

Nilianza Iringa katika miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, wakati serikali ya Mwingereza ilipogundua kwamba watu wa Nyanda za Juu wanakunywa maji. Iligundua pia kwamba maji hayo ni machafu, na kwamba njia nzuri ya kuwaokoa si kuwachimbia visima bali ni kuwaonyesha sinema.

Mimi nilikuwa mwosha chupa katika zahanati moja bondeni, chini ya mji. Siku hizo mgonjwa alikuja na chupa yake ya kutilia dawa, na chupa hiyo ilikuwa imekwisha kufanya kazi nyingine huko nyumbani, ya mafuta ya taa au ya pombe. Kazi yangu ilikuwa kuifanya isahau. Nilikuwa msichana wa Kihehe, Mkatoliki, nimesoma shule ya misheni hadi walipoona inatosha kwa msichana, na jina langu Melania.

Gari la sinema lilipofika lilikuwa na Mwingereza mmoja mrefu ambaye watu walimwita Bwana Filamu, fundi wa kamera asiyesema na mtu, mpishi aliyeitwa Petro, na dereva wao Mzee Sanga, Mbena wa Njombe. Mzee Sanga hakuwa dereva tu. Filamu zile zilikuwa bubu, kwa hiyo zilipoonyeshwa yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti akaeleza, kwa Kihehe, Kibena, Kisafwa, na Kiswahili kwa ajili ya makarani. Ofisi ilimpa maneno ya kusema kwa Kiingereza. Aliyatafsiri alivyoona yeye, na kwa kuwa hakuna Mwingereza aliyejua Kibena, alisifiwa sana kwa usahihi wake.

Walikuja kupiga picha ya mama asiyechemsha maji, na mwanamke wa kuigiza walikuwa naye tayari. Alikuwa Petro mpishi. Ofisini walikuwa wamekubaliana kwamba mwanamke wa Kiafrika hawezi kukubali kuigiza. Hakuna mwanamke aliyeulizwa, lakini walikubaliana. Wakamfunga Petro kanga mbili na kilemba, wakamketisha kwenye kigoda mbele ya mafiga, naye akakaa ametanua miguu kama mtu anayesubiri kinyozi. Mimi nilikuwa napita na karai la chupa. Nikacheka.

Bwana Filamu akageuka, akamwuliza Mzee Sanga ninacheka nini. Nikasema mwanamke akikaa vile jikoni, moto utazimika wenyewe kwa aibu. Wakasemezana kwa Kiingereza, kisha Mzee Sanga akaniambia, “Bwana anasema ukae wewe.” Nikaweka karai chini, nikakaa. Ndivyo nilivyoingia katika sanaa, bila usaili na bila ndoto. Petro alirudi kwenye sufuria zake na hakunisamehe. Chakula changu kilizidi chumvi hadi siku tulipoachana.

Ilibidi baba akubali. Baba alikuwa seremala wa misheni, mtu wa maneno machache na kucha nyeusi. Hakuuliza habari za ujira wala heshima. Aliuliza mume atakuwa nani. Akaambiwa ni karani kijana kutoka mjini. Akasema, “Sawa, lakini huyo karani asikanyage mkeka anaokalia binti yangu, na dada yangu Veronika awepo.” Ndiyo maana katika filamu ile ndoa yangu ni ya ajabu: mume anazungumza na mkewe akiwa nje ya mlango, kama mtu aliyekuja kudai kodi. Baadaye msomi mmoja alieleza katika semina kwamba pale mwongozaji alionyesha umbali wa kiroho. Umbali ule aliupima baba.

Shangazi Veronika aliketi nyuma ya kamera kila siku, akisuka vikapu vya nyasi za milulu. Kwa kuwa filamu haikushika sauti, alikuwa huru. Ninyi mnaolalamikia waongozaji wakali hamjapata kuigiza huku shangazi yenu anasema, “Melania, goti hilo,” katikati ya huzuni.

Kamera yenyewe ilizungushwa ufunguo kama saa ya mezani, ikanguruma kama paka aliyeshiba, na springi ilipoisha nguvu ilisimama, hata kama machozi ndiyo yanaanza. Jua halikuwatosha, kwa hiyo kulikuwa na mbao zilizobandikwa karatasi za kung'aa, na watu wawili walikurudishia jua usoni kutoka pande zote. Nilijifunza kutokupepesa macho. Nilijifunza pia kusimama hapo hapo niliposimama jana, na kubeba ndoo tupu kama imejaa, kazi ngumu kuliko kubeba iliyojaa. Haya hayafundishwi tena. Sasa mnafundishwa kujieleza.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mama Mzembe, yaani mimi, anateka maji bwawani wanakokunywa ng'ombe, anampa mtoto bila kuyachemsha, mtoto anaugua, anakufa. Jirani yake Mama Safi anachemsha, na mtoto wake ananenepa. Mama Safi aliigizwa na mke wa mwalimu, ambaye alikubali kwa sharti la kubaki na viatu vyake, kwa hiyo filamu ikafundisha vilevile kwamba uzima ni wa wenye viatu.

Mtoto wangu aliazimwa kwa jirani. Alikuwa bonge la mtoto, mwenye furaha isiyo na sababu. Walimpaka majivu usoni ili aonekane mgonjwa, akayalamba. Mwishowe, ilipofika sehemu ya kifo, walifunga boga katika nguo za kitoto nikapewa nilishike. Boga liliigiza vizuri kuliko sisi sote. Halikuitazama kamera hata kidogo.

Hapo ndipo nilipokwama. Bwana Filamu alitaka niinue mikono juu, nipige yowe, nijitupe chini. Nilijaribu. Ndugu zangu, ni vigumu kujitupa chini kwa ajili ya boga. Petro akaleta vitunguu, kwa moyo mweupe kabisa safari hii, nikavitia machoni, nikatokwa na machozi ya mtu anayekaanga. Bwana Filamu akakata tamaa, akaenda kunywa chai.

Mzee Sanga akaja akachuchumaa kando yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Usilie, binti. Aliyefiwa halii kwanza. Kwanza anatafuta kazi ya kufanya. Zikunje nguo za mtoto.”

“Nizikunje za nini, na mtoto hayupo?”

“Basi zikunje hivyo hivyo.”

Walipowasha kamera, nililiweka boga kitandani nikazichukua nguo zilizoanikwa. Nikakunja kishati, nikakilaza. Nikakunja mbeleko. Nikachukua kofia ya sufu, nikaona haikunjiki, nikainyoosha kwenye goti, nikainyoosha tena. Sikujua nimefika wapi hadi springi ilipokwisha. Shangazi Veronika alikuwa ameacha kusuka. Hakusema neno kuhusu goti. Bwana Filamu alisimama na kikombe chake, kisha akasema kwamba si hivyo ilivyoandikwa, lakini iachwe. Namsifu kwa hilo. Nimefanya kazi na waongozaji wengi ambao wangerudi kwenye vitunguu.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Iringa, uwanjani, kwenye shuka kubwa jeupe. Nikajiona nikiwa mkubwa kama nyumba. Watu waliguna, wakasikitika, wengine wakalia. Mimi, kama mwigizaji yeyote, nilitazama pua yangu.

Matokeo ya kazi njema yalianza kesho yake. Kwanza walikuja akina mama wawili kutoka kijiji cha jirani, na unga na kuku, kutupa pole ya msiba. Mama yangu alijaribu kueleza, akashindwa, akapika ugali tukala wote pamoja. Wakaja wengine wasio na kuku, waliotaka tu kujua kwa nini sikuchemsha maji, binti wa watu wastaarabu. Sokoni nilipewa jina, Mama Mzembe, nikawa nalo. Kisha wagonjwa wa zahanati wakaanza kukataa chupa nilizoziosha. Walisema wameniona kwa macho yao nikiteka maji ya ng'ombe. Mganga mkuu wa zahanati, aliyekuwepo siku zote tulipopiga picha, akaniita akaniambia kwa upole kwamba hawezi kubishana na umma. Hivyo serikali ilinipa kazi ya kufundisha usafi, halafu ikanifukuza kwa uchafu.

Nilikuwa sina kazi, na mchumba sikuwa naye, wala wa kunichumbia hakuonekana. Mzee Sanga ndiye aliyesema nipande gari la sinema. Filamu ikiisha, nisimame mbele ya watu nichemshe maji, waone kwamba Mama Mzembe ameongoka. Ofisi iliupenda mpango huo, kwa sababu ulifanana na mahubiri. Baba akaruhusu, Shangazi akafunga mzigo wake wa milulu, tukaanza safari ya kwenda Mbeya.

Barabara ya siku hizo sitaisimulia. Wakati wa mvua tulilisukuma gari zaidi ya lilivyotubeba, na Makambako kuna baridi ambayo bado ninayo kwenye viungo. Tulionyesha filamu kila tulipofika, nikachemsha maji mbele ya umati, wakapiga makofi. Ni mchezo mgumu, kuchemsha maji. Hayaendi haraka kwa sababu watu wanatazama.

Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya, tulifika siku ya soko. Jioni uwanja ulijaa. Mzee Sanga alieleza kwa Kisafwa, na ilipofika sehemu ya kukunja nguo akasema maneno aliyopewa na ofisi, kwamba tazameni, uzembe wa mama umemwua mtoto. Filamu ikaisha. Nikatoka na sufuria yangu mbele ya taa ya gari. Hapo akainuka mwanamke wa makamo kati ya watu, akaonyesha kidole upande wa akina mama waliokaa pembeni, akasema, “Mmeona wenyewe. Nilisema mimi mkabisha. Sasa hata serikali imesema.”

Watu wote wakageuka. Aliyeonyeshwa kidole alikuwa mwanamke kijana, pengine rika langu, amejifunga kanga ya msiba. Kijana mwanamume aliyekaa karibu na yule mama alikuwa anatazama udongo.

Nilielewa upesi, na nikafanya lile nililoliona la haki. Nikamnyang'anya Mzee Sanga kipaza sauti, nikasema mimi sijapata kuzaa, hakuna mtoto aliyekufa, lile lilikuwa boga. Nilidhani ukweli utamwokoa. Uwanja mzima uliangua kicheko. Walirudia, boga, boga, wakashikana mabega. Yule mwanamke kijana peke yake hakucheka. Aliinuka akaenda zake. Tangu hapo, mtu akiniambia kwamba kazi ya msanii ni kusema ukweli, ninamwuliza ameshawahi kuusema kwa kipaza sauti.

Tulikuwa tumelala kwa mwinjilisti mmoja. Asubuhi yule mwanamke alikuja, tukiwa tunakunywa uji uani. Jina lake Eliza. Alimsalimu Shangazi kwa kupiga magoti, akaketi, akakataa uji, kisha akaupokea. Akatueleza bila kulia. Mumewe Yohana alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu wakati mtoto anaugua. Maji alichemsha, tangu mtoto azaliwe alichemsha, maana alifundishwa kliniki. Homa haikuuliza. Mtoto akazikwa, Yohana akarudi akakuta kaburi na mama yake, na mama yake alikuwa na maelezo. Sasa kaka zake Eliza walikuwa wamekwisha kuitwa waje wamchukue, wangefika kesho.

Shangazi akamwuliza, “Mume wako anasema nini, mwanangu?”

“Hasemi. Hakuona, atasema nini?”

Kisha akanigeukia mimi. Nilijua atanilaumu, nikajiandaa kulaumiwa. Akasema, “Dada, zile nguo. Nani alikufundisha? Mimi ndivyo nilivyofanya. Ile kofia nayo, haikunjiki.”

Nikasema nilifundishwa na Mzee Sanga. Alikuwa chini ya gari, amelalia gunia, miguu tu inaonekana. Shangazi akamwita akamwuliza yeye alikojifunzia. Hakutoka.

“Nilimwona mke wangu,” akasema.

Nilikuwa nimesafiri naye kutoka Iringa hadi Mbalizi, na nilichojua kuhusu mke wake ni kwamba anapika vizuri. Hatukumwuliza zaidi. Baadaye kidogo alitoka huko chini, akajifuta mikono kwa tambara, akatangaza kwamba kabureta imeharibika, na Tukuyu tulikotakiwa kufika jioni hiyo hatutafika. Kabureta ile ilikuwa nzima kuliko mimi.

Jioni akawaambia watu kwamba filamu inarudiwa kwa sababu wengi wameiomba. Hakuna aliyeiomba, lakini kila mmoja alidhani ni jirani yake. Uwanja ukajaa tena, safari hii wakisubiri boga ili wacheke. Eliza alikuja kwa kuwa Shangazi alimfuata, akakaa naye mbele. Yohana alikaa pale pale karibu na mama yake. Mzee Sanga alieleza vizuri, akawachekesha kwa ajili ya Mama Safi na viatu vyake. Mtoto alipoanza kuugua, akazima kipaza sauti akakiweka juu ya kiti.

Ikabaki jenereta ikinguruma mbali, na mashine ya sinema ikitafuna utepe. Wachache walianza kusema boga, wakaona wako peke yao, wakaacha. Kwenye shuka nilikunja kishati. Mimi nilisimama kando ya gari na sufuria yangu, na kwa mara ya kwanza sikujitazama. Niliwatazama watu. Nilimwona Eliza amekaa, mikono yake mapajani inakunja kitu ambacho hakipo, inakilaza, inachukua kingine. Sidhani alijua. Na nilimwona Yohana. Alikuwa ameacha kutazama shuka. Alikuwa anaitazama mikono ya mkewe.

Filamu ilipoisha hakuna aliyepiga makofi, na mimi sikuchemsha maji. Yohana aliinuka, akapita katikati ya watu waliokaa hadi kwa Eliza, akachuchumaa mbele yake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

“Ziko wapi?” akauliza.

“Mama alizichukua. Nilikukunjia wewe, uzione ukirudi.”

Akarudi kwa mama yake akamwomba zile nguo. Mama yake akamwambia ni matambara machafu, ameyaweka tu hadi apate nafasi ya kuyachoma. Yohana hakupandisha sauti. Akasema, “Ni za mwanangu, mama. Nipe.” Yule mama akatazama huku na huku, akiwatafuta wale waliokuwa upande wake jana. Walikuwa wanafunga mikeka yao. Akainuka, wakaondoka watatu, yeye mbele. Sikumchukia. Naye alifiwa na mjukuu, na alitafuta kazi ya kufanya kama kila mtu. Bahati mbaya, kazi aliyoipata ilikuwa ya kumlaumu mkwe.

Asubuhi tulipokuwa tunapakia, Eliza alipita na ndoo akienda kuteka maji. Alisema kaka zake wamefika alfajiri, wamekula, wanarudi peke yao. Alisema Yohana amezishika zile nguo mpaka usingizi ukamchukua. Kisha akaenda zake, kwa sababu maji hayajileti.

Karani wa serikali wa pale, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuja kuuliza kilichotokea jana, maana ameambiwa maelezo yalikatika katikati. Mzee Sanga akamwambia kipaza sauti kiliharibika. Karani akasikitika kwa dhati. Akasema basi ni hasara, kwa hiyo wananchi hawakujifunza lolote. Mzee Sanga akavua kofia, akakubali kwamba ni hasara kubwa.

Nilidumu katika kazi hii hadi walipoona nahitaji saa. Nimeigiza wazembe, walevi wa kike, wachawi, na baada ya Uhuru waliniruhusu kuigiza waziri. Lakini filamu ile bubu ndiyo tuliyozunguka nayo muda mrefu kuliko zote, Mbeya na Iringa, hadi utepe ukajaa mikwaruzo. Kila tulipofika kwenye zile nguo, kipaza sauti cha Mzee Sanga kiliharibika. Ofisi ilituma mafundi. Walikifungua, wakabadilisha nyaya, wakakijaribu wakakiona kizima, wakaandika kwamba tatizo lake halijulikani.